Chuo cha Wananchi na Sanduku Letu

Hotuba ya Mwenyekiti wa kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, Chiwata

  

Kwanza kabisa tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa wazima. Wapo wenzetu watatu tulioanza nao ambao hawapo tena duniani. Tunaomba tusimame kidogo kuwakumbuka. Ahsanteni, tukae.

Katika ratiba imeandikwa kwamba Mwenyekiti atazungumza juu ya mafanikio ya kikundi. Mafanikio tutayasema, lakini kwa kifupi, kwa sababu Katibu ameyaandika yote katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, na hesabu Mweka Hazina ameziweka wazi kila mtu azione. Sisi tumeona leo tuzungumze jambo moja, nalo ni chuo. Tunaposema chuo tuna maana ya vile Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo wengi tumezoea kuviita FDC, kama kile cha Masasi na kile cha Newala.

Sababu ipo. Baada ya chakula, wageni wetu wakishaondoka, wanachama tutakaa mkutano. Agenda ya pili ni hii: je, tutenge sehemu ya fedha zetu kila mwaka kwa ajili ya kusomesha mabinti chuoni, au tuendelee kugawana zote kama tulivyozoea? Tusifichane, jamani, kikundi kimegawanyika. Wapo wanaotaka, wapo wasiotaka, na wapo walionyamaza wakiangalia upepo. Basi kabla ya kupiga kura ni vizuri tujue chuo chenyewe ni kitu gani, kilianzishwa kwa nia gani, na kinaweza kutufaa nini sisi watu wa Chiwata.

TULIKOTOKA

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 17, chini ya mwembe. Hatukuwa na ofisi wala meza. Tulikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu, na funguo walishika wenzetu watatu, na sanduku likalala kwa mtu wa nne. Hisa moja ilikuwa shilingi 500. Mwenye nguvu alinunua hisa tano, asiye na nguvu alinunua moja. Siku ya kwanza tulipata shilingi 21,500. Tulizihesabu mara tatu kwa sababu hatukuamini kwamba sisi wenyewe tunaweza kuwa na fedha hiyo mahali pamoja.

Leo tuko 28. Wengi wetu tumeezeka bati. Salfa tunanunua kwa wakati, mikorosho ikiwa inatoa maua, hatungoji mtu atukopeshe kwa masharti yake. Na jambo kubwa kuliko yote, hatuuzi tena korosho kangomba. Ninyi mnajua kangomba ilivyotutesa. Mtoto anaumwa mwezi wa nane, huna hata senti, anakuja mtu na kibakuli chake, anakupa hela kidogo, na msimu ukifika korosho ni zake. Sasa mtoto akiumwa mama anakwenda kwenye mfuko wa jamii wa kikundi, na korosho zake anapeleka mwenyewe chama cha msingi.

Hayo ndiyo mafanikio. Sasa tuseme kosa.

KOSA LETU

Mtakumbuka msimu wa 2018/2019. Wakulima tulikataa bei ya mnadani, serikali ikatangaza kwamba itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaja kubeba. Bei ilikuwa nzuri, lakini kwa wengi malipo yalichelewa. Januari ya 2019 ilitukuta mikono mitupu, na sanduku lilikuwa jepesi.

Mwezi huo mwenzetu mmoja akaja kwenye mkutano kuomba mkopo. Binti yake alikuwa amemaliza kidato cha nne na hakufaulu. Alitaka kwenda chuo cha maendeleo kusoma ushonaji. Mama akaomba shilingi 200,000 kwa ajili ya ada ya kuanzia, godoro, sare na nauli. Sisi tukafungua katiba yetu. Katiba ilisema mkopo ni wa biashara. Mmoja wetu akauliza, eti huyu binti ni bidhaa gani, atauzwa lini hela irudi? Tukacheka. Mama yule naye alicheka, maana angefanya nini mbele ya watu.

Mkopo hatukumpa. Binti hakwenda chuo. Baada ya Pasaka akachukuliwa kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Alirudi baada ya mwaka na nusu, mshahara wa miezi sita hakulipwa, na mengine yaliyomkuta hajapenda kuyasema mpaka leo. Mama yake yuko hapa amekaa nasi. Ametupa ruhusa tuyaseme haya pasipo kutaja jina. Tunamwomba radhi mbele ya wageni, kwa sababu tulimcheka mbele ya watu.

Waliosema hapana siku ile walikuwa sisi sote, pamoja na tunaosimama hapa. Na tulisema hapana siyo kwa roho mbaya. Hatukujua chuo ni nini. Tulidhani ni mahali pa walioshindwa, mtoto akapoteze miaka miwili halafu arudi nyumbani na cheti cha kutundika ukutani.

CHUO HIKI NI NINI

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule nchi ilikuwa na watu wazima wengi wasiojua kusoma wala kuandika, na akina mama ndio waliokuwa wengi zaidi. Mama zetu walikwenda kisomo jioni wakitoka shamba, sisi wengine tukiwa mgongoni. Walijifunza kuandika majina yao. Mwaka 1975 ulifanyika mtihani wa taifa wa kisomo, na watu wengi sana wakaonekana wanaweza kusoma.

Hapo ndipo likaja swali. Mtu mzima amejifunza kusoma, sasa asome nini na afanye nini nacho? Akikaa bila kitabu na bila kazi ya kutumia kusoma kwake, atasahau. Mwanzoni mwa miaka ya sabini wataalamu wa Tanzania walikwenda Uswidi kuangalia vyuo vya wananchi vya huko. Uswidi wenyewe walikuwa wamevianzisha tangu mwaka 1868, nao waliiga kwa majirani zao wa Denmaki. Huko Denmaki kulikuwa na mchungaji mmoja aitwaye Grundtvig, aliyesema kwamba wakulima nao wanastahili chuo chao, mahali pa kukaa pamoja, kuzungumza kwa lugha yao wenyewe, na kujifunza mambo ya maisha yao bila kutishwa na mitihani. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa mahali panapoitwa Rødding mwaka 1844.

Kwa hiyo mawazo haya asili yake ni watu wa jembe na ng'ombe kama sisi. Serikali yetu ikayachukua, Waswidi wakasaidia, na mwaka 1975 Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vikaanza hapa nchini. Vingi vilianzia katika majengo ya vituo vya zamani vya mafunzo vijijini. Leo vyuo hivi vya serikali ni 54, kila upande wa nchi.

Mwanzoni wanafunzi hawakujipeleka. Kijiji kilikaa mkutano kikamchagua mtu: huyu ana akili na ana moyo, tumpeleke akajifunze uashi, au kilimo, au kushona, au kuangalia watoto, halafu arudi atufanyie kazi. Walikwenda watu wazima, wengine baba wa familia na mama wa familia. Kijiji ndicho kilichomtuma, na kijiji ndicho kilichomngoja.

Hiyo ilikuwa ndiyo maana ya neno wananchi katika jina la chuo.

NIA NA MALENGO YAKE

Tumewauliza walimu wa vyuo hivi na watu waliosoma huko, na sisi wenyewe tumeshapeleka mabinti. Tukiyaweka kwa maneno yetu, malengo ya chuo ni haya matano.

Kwanza, kumpokea mtu alivyo. Chuo hakiulizi sana ulipata daraja gani. Aliyeishia la saba ana nafasi, aliyeishia kidato cha nne ana nafasi, mama mzima ana nafasi katika kozi fupi.

Pili, kumpa mtu kazi ya mkono. Kuna ushonaji, useremala, uashi, umeme wa majumbani, ufundi magari, kuchomelea vyuma, upishi, kilimo na mifugo. Siyo kila chuo kina zote, lazima uulize kwanza. Lakini kazi hufundishwa kwa kufanya, mtu anashika randa na mwiko, haishii ubaoni.

Tatu, kumpa mtu akili ya kuendesha maisha. Anajifunza hesabu za kuendesha biashara, mambo ya afya, haki na wajibu wa raia, namna ya kusimama mbele za watu akasema. Kuna michezo na ngoma. Wengine wanaona haya ni mapambo tu. Sisi hatuoni hivyo. Fundi asiyejua kuandika alichouza na alichokopesha, ufundi wake unaliwa na wengine.

Nne, chuo kukifuata kijiji. Nia ya tangu mwanzo ni kwamba chuo kisikae ndani ya uzio wake. Kuna kozi ndefu za miaka miwili kwa wanaolala bweni, lakini kuna na kozi fupi za wiki au miezi, na walimu wanaweza kutoka wakaja kufundisha kikundi mahali kilipo.

Tano, mtu arudi na faida irudi. Lengo ni maendeleo ya mahali alipotoka yule mwanafunzi.

Akina mama wenzetu, hebu tufikiri. Jambo hili ni geni kwetu? Sisi ni watu wa unyago. Mwali anakaa pamoja na wenzake, kungwi anamfundisha, kuna nyimbo, kuna mifano, halafu siku ya kutoka kijiji kizima kinampokea kwa ngoma na khanga mpya. Hatukumpeleka mwali ndani ili afunzwe mambo ya kuhama. Tulimpeleka ili arudi anajua namna ya kuishi na watu. Na gharama yake hatukuisema kuwa ni hasara, kila mtu alitoa alichonacho. Sasa kama kwa unyago tunaweza kuchanga unga, kuku na khanga, kwa nini kwa chuo tunasema kila mtu na mtoto wake?

Kuna jambo jingine. Upande wetu huu elimu siyo ngeni. Chiwata ilikuwa na misheni ya Waingereza tangu zamani za mababu, Masasi wamisionari walifika mwaka 1876, na pale Ndanda mapadri Wabenediktini walifundisha mafundi seremala na waashi tangu zamani. Chidya hapa jirani imesomesha wavulana waliokuja kuwa watu wakubwa. Wavulana. Mabinti wa rika la mama zetu walisikia kengele ya shule wakiwa kisimani wanangoja zamu ya maji.

MAMBO YALIVYOBADILIKA

Tusidanganyane kwamba chuo cha leo ni kile cha mwaka 1975. Mwaka 1990 vyuo vilitolewa wizara ya elimu vikapelekwa wizara ya maendeleo ya jamii, wanawake na watoto. Mwaka 1994 ikatoka sheria ya VETA, na polepole vyuo vikaanza kufuata mafunzo na mitihani ya ufundi stadi ili mwanafunzi apate cheti kinachotambulika. Kisha katika serikali ya awamu ya tano vikarudishwa wizara ya elimu.

Kuna faida hapo. Zamani mtu alisoma miaka miwili akatoka hana karatasi ya kumwonyesha mwajiri. Leo binti akifaulu mtihani anaweza kuomba kazi Mtwara au popote. Lakini kuna kilichopotea. Kijiji hakimchagui mtu tena. Mzazi mwenye uwezo anampeleka mtoto wake, mzazi asiye na uwezo anabaki nyumbani. Wanaokwenda sasa wengi wao ni vijana, watu wazima wamekuwa wachache. Na akimaliza, hakuna mkutano unaomngoja. Anaangalia kushoto na kulia, anapanda gari kwenda Dar es Salaam.

Sisi hatusemi cheti ni kibaya. Tunasema cheti kiwe mkononi na kijiji kiwe moyoni. Serikali kazi yake ni chuo, walimu na mitihani. Ile kazi ya kumtuma na kumngoja ni yetu, hakuna wizara itakayotufanyia.

CHEREHANI NNE

Mnaikumbuka habari ya cherehani. Mradi mmoja ulitupa cherehani nne mpya, tukapiga picha, tukaimba. Mafunzo yalikuwa siku mbili. Walipoondoka, kati yetu wote hakuna aliyejua kukata suruali wala kupima bega. Sindano zikakatika, mikanda ikalegea, cherehani zikafunikwa turubai miaka mitatu. Panya walizaa humo. Tulikuwa na vyombo lakini hatukuwa na mtu.

Mwaka 2020 tukabadilisha katiba, tukaweka mkopo wa masomo. Januari 2021 binti wetu wa kwanza akaenda chuo, akasoma ushonaji miaka miwili. Aliporudi tulimkabidhi zile cherehani. Moja ilikuwa imekufa kabisa. Tatu alizisafisha, akanunua mikanda, zikalia. Leo sare za shule nyingi mnazoziona hapa kijijini zimetoka mkononi mwake, na khanga na vitenge mlivyowaona akina mama wameshona leo vimetoka kwake. Zamani tulikwenda mpaka Masasi, nauli ya bodaboda na gari ikawa karibu sawa na bei ya sare yenyewe. Mkopo amemaliza kulipa. Ameshawafundisha wenzake wawili, na mmoja wao ni yule binti tuliyemnyima mwaka 2019.

Haya hatuyasemi kwa kujisifu. Tunayasema ili ionekane kilichokosekana miaka ile mitatu kilikuwa ni kitu gani.

BINTI WA PILI

Sasa tuseme na lile gumu, maana likiachwa litasemwa pembeni.

Binti wa pili tulimpeleka akasome umeme. Mwaka wa kwanza haujaisha akarudi nyumbani mjamzito. Mkutano ule haukuwa mzuri. Wengine mlisema fedha imeliwa. Wengine mlisema tulionya tangu mwanzo. Mwenzetu mmoja alitaka kutoa hisa zake zote siku ile ile, na mama wa binti alikaa miezi mitatu bila kuja kikundini kwa aibu. Kikundi kilibaki kidogo tu kivunjike.

Tulikwenda kumwona binti. Alituambia neno moja, kwamba anaogopa kuuliza kama anaweza kurudi, kwa sababu akiuliza watamcheka. Tukakumbuka kwamba sisi tunajua kucheka.

Basi tukauliza sisi. Tukaambiwa mambo ambayo hatukuyajua. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, waruhusiwe kurudi katika shule za mfumo rasmi. Na katika vyuo hivi vya maendeleo mlango ulikuwa umefunguliwa zaidi. Shirika la Karibu Tanzania pamoja na vyuo walianzisha mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasichana waliokatiza shule. Msichana anasoma masomo ya sekondari kwa muda mfupi kuliko ule wa kawaida, anajifunza na ufundi, na mwenye mtoto anaweza kwenda na mtoto wake, mtoto akaangaliwa mama akiwa darasani. Kumbe wakati sisi tunagombana chini ya mwembe, wenzetu walishafikiri.

Binti amerudi chuoni na mtoto wake. Hajamaliza. Hatuwezi kusema leo kwamba atafaulu, hayo ni ya Mungu na juhudi zake. Lakini deni lake halijapotea, na yeye hajapotea. Nyumba ikiungua pembe moja, watu humwaga maji, hawaongezi kuni.

MASWALI MLIYOULIZA

Tumepita nyumba kwa nyumba kusikiliza. Maswali makubwa ni matatu.

Swali la kwanza: mimi sina binti, kwa nini hela yangu isomeshe mtoto wa mwenzangu? Tunajibu hivi. Wewe usiye na binti una mikorosho. Mashine ya kupulizia dawa ikiharibika mwezi wa saba, unatuma mtu mjini kutafuta fundi, na maua hayakungoji. Akiwepo binti fundi wa injini hapa, atatengeneza ya kwako kama atakavyotengeneza ya mama yake.

Swali la pili: akisomeshwa asirudi je? Hilo ni swali la kweli. Mtu hafungwi kamba. Lakini tunapendekeza masharti. Nusu ya fedha iwe mkopo, alipe akianza kazi, popote alipo. Nusu nyingine asamehewe ikiwa atafanya kazi Chiwata miaka miwili na kufundisha wenzake wawili. Asiporudi, alipe yote. Mdhamini awe mzazi au mlezi wake, na aandike sahihi mbele ya mkutano.

Swali la tatu: kwa nini tusingoje mikopo ya halmashauri? Ni kweli ipo ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 ilisimamishwa, mwaka 2024 ikarudishwa kwa utaratibu mpya. Lakini mkopo ule ni wa kikundi kwa ajili ya mradi, siyo wa ada ya mtoto. Na hata tukiuomba, watatuuliza, ufundi wa huo mradi mnao? Ndiyo tunarudi pale pale pa cherehani nne.

TUNACHOOMBA

Kwa wanachama, tunapendekeza kwamba kila mwaka siku ya mgao, katika kila shilingi mia tutoe tano, ziingie Mfuko wa Elimu wenye daftari lake na sanduku lake. Aliyepata mgao wa shilingi 300,000 atatoa 15,000. Achaguliwe binti mmoja kila mwaka, na mkutano wote uchague, siyo kamati. Mwaka wa tatu achaguliwe mtoto yatima wa kijiji hata kama hana mama kikundini. Tukishindwa kura, tutakubali. Kikundi ni cha wote.

Kwa serikali ya kijiji, tunaomba mrudishe ile desturi ya zamani. Mara moja kwa mwaka, kabla vyuo havijafungua, mkutano mkuu wa kijiji useme kwa sauti: mwaka huu nani anakwenda chuo, na tunahitaji fundi wa namna gani? Hilo halina gharama. Linataka nusu saa tu.

Kwa walimu wa chuo, tunajua wengine mmekuja leo kututazama, karibuni sana. Tunaomba mtuletee kozi fupi hapa Chiwata. Tunahitaji mambo matatu: ubanguaji wa korosho na usindikaji wa mabibo ili yasiozee chini ya miti, utengenezaji wa mashine za kupulizia dawa, na uandishi wa vitabu vya hesabu. Darasa tunalo, chakula cha mwalimu tutapika, mahali pa kulala pako.

Kwa viongozi wetu wa dini na ninyi marafiki wa kikundi, hatuwaombi fedha leo, ingawa mwenye kutoa hatutamrudisha. Tunawaomba maneno yenu. Msikitini na kanisani, mzazi akiuliza binti akifeli apelekwe wapi, mtajeni chuo.

MWISHO

Wengi wetu katika kikundi tuliingia darasa la kwanza katika ule mpango wa elimu ya msingi kwa watoto wote ulioanza mwaka 1977. Tulikaa chini, tukagawana kitabu watu watano, tukaishia la saba. Hatulalamiki. Kusoma kule kidogo ndiko kulikotuwezesha kuandika daftari la sanduku hili kwa miaka kumi bila kupotea hata shilingi. Kama la saba letu limefanya haya, binti aliyetoka chuoni atafanya makubwa zaidi.

Neno la mwisho ni la funguo. Mfuko wa Elimu ukikubaliwa leo, sanduku lake litakuwa na kufuli tatu kama lile la kwanza. Kamati imependekeza ufunguo mmoja ashike mama yule tuliyemnyima mkopo mwaka 2019, ili siku yoyote tukitaka kulifungua, tumwombe yeye kwanza. Tumemwuliza. Amesema atajibu baada ya kuona kura.

 Chakula kiko tayari, wageni wetu watangulie kunawa. Wanachama msiondoke, mkutano unaanza saa kumi kamili.